Ukuta wa Rangi za Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimelambwa na kanisa. Nilikuwa juu ya jukwaa, nimelaza shavu ukutani kama Shangazi alivyoniagiza: gonga kwa nyundo, tega sikio, usikie palipo wazi ndani. Nikagonga, nikatega. Rangi ikapasuka chini ya shavu langu, na kitu cha baridi, cha kijivu, chenye uteute, kikanitiririkia hadi ndani ya kola. Harufu yake ni ile ya maji ya chombo cha maua ambacho watu walikisahau baada ya matanga. Nimeoga mara mbili na bado mbwa wa jirani ananifuata kwa mapenzi.

Naandika haya ili ijulikane nani alifanya kazi. Padri ana kijitabu chake cha historia ya kanisa, na humo imeandikwa kwamba lilijengwa kwa upendo na sala. Hakuna aliyebeba jiwe. Safari hii nayo wataandika upendo na sala, nami nitakuwa nimelambwa bure.

Shangazi ni dada wa marehemu Baba na ni fundi wa mawe. Ana mikono migumu kama soli ya kiatu, na ulimi wake umefanana na mikono. Mimi ni mtu wake tangu shule na mimi tuliposhindwana kidato cha pili. Sasa nina miaka ishirini na miwili na ni fundi kamili. Aliyebaki kulitambua hilo ni yeye tu.

Tatizo ni kwamba ukuta wa kaskazini umeota kitambi. Simama mlangoni utazame, utaona umetokeza tumbo kama mzee aliyeshiba, na juu ya tumbo hilo limekaa tao lililobeba nusu ya paa. Padri amesema masika yakiisha kitambi hakijatulia, kanisa analifunga. Na Dada anaolewa humo tarehe 11 Mei. Mama ameshaalika mpaka watu tunaowachukia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kinyesi cha popo kimeingia kwenye chai yangu. Nimegundua nilipofika nusu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imetufungia ndani, kwa hiyo nitaeleza jengo lenyewe kabla Padri hajaliharibu tena kwa maneno matamu.

Mawe yote yalichimbwa kwenye shimo lililo nyuma ya makaburi. Shimo hilo siku hizi ndilo jalala. Yaani nyumba ya Mungu nzima ilitoka mahali ambapo leo pamejaa nepi na vichwa vya samaki. Upepo ukigeuka wakati wa ibada, waumini hunusa walikotoka.

Ukuta una unene wa mkono wangu toka bega hadi vidole. Kwa kweli ni kuta mbili zilizopeana mgongo, na katikati wamejaza vipande vya mawe na chokaa. Saruji hakuna hata kijiko. Kila mchongaji aliacha alama kwenye jiwe lake: kuna wa kitana, kuna wa jicho, kuna wa ndoana. Wa kitana alikuwa bingwa, huwezi kupitisha kucha kati ya mawe yake. Wa ndoana alikuwa mvivu wa kutupwa, mapengo yake kayaziba kwa vijiwe kama mtu anayeficha meno. Nimeshamfahamu kuliko ninavyowafahamu majirani zangu, na simpendi.

Matao ni matatu. Mawili ni pacha, la tatu limekaa upande kama kofia ya mlevi. Kijitabu kinasema ni ishara ya unyenyekevu. Shangazi anasema aliyejenga mawili ya kwanza aligombana na padri wa wakati ule, akaondoka na kigezo cha mbao walichokuwa wanapindia matao, na la tatu wakalikadiria kwa macho. Namwamini Shangazi. Unyenyekevu haupindi mawe, ugomvi unapinda.

Sasa kuhusu rangi. Kanisa hili lina desturi moja: kila binti anapoolewa, mama yake anaupaka upya ukuta wa kaskazini, kwa sababu ndipo bibi harusi anaposimama kupigwa picha. Na si rangi ya maji, hiyo ni ya watu wasio na aibu. Ni rangi ya mafuta, inayong'aa. Mama mmoja akipaka kijani, mwenzake mwezi ujao anafunika kwa bluu. Vizazi na vizazi, rangi juu ya rangi. Nimechomeka ncha ya kisu mahali ilipobanduka, na kimezama.

Jumanne, 19 Machi

Tumeanza kukwangua, na vita vimeanza.

Maji yanapanda kutoka ardhini, mengine yanashuka kwenye mfereji wa paa uliopasuka, yakiingia ukutani hayana pa kutokea. Upande wa nje kuna lipu ya saruji iliyopigwa zamani na wajuaji, upande wa ndani ndiyo hayo matabaka ya rangi. Chokaa ya katikati imelowa ikawa uji, na uji ndio unaotoa kitambi. Padri aliuliza kwa nini tusipake tu dawa ya kuzuia unyevu. Shangazi hakuacha hata kukwangua.

"Baba, jiwe ni kama kwapa," alimwambia. "Ulifunge nailoni, ulipulizie marashi, halafu uje uniambie linanuka nini."

Padri akaondoka akiwa amebana mikono ubavuni.

Mchana wakaja wanawake. Mke wa seremala aliniona nakwangua ile ya samawati akajishika kiuno. Eti hiyo ni rangi ya harusi yake, nikiiondoa nitakuwa nimeigusa ndoa yake. Nikamjibu kwamba ndoa inayoshikiliwa na rangi ianguke tu, tuokoe tao. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka.

"Mume wangu akiondoka, utanioa wewe, kijana?"

Nikamwambia aniachie na vifaa vya useremala, tutazungumza. Shangazi akanirushia donge la chokaa kisogoni. Lakini hawakuondoka. Kila mmoja alitafuta rangi yake kwenye magamba niliyoangusha chini, akapukuta, akafunga kwenye leso. Vipande vyenyewe vimeota ukungu mweusi upande wa nyuma, vina manyoya kabisa. Mmoja alikibusu chake.

Jumatano, 27 Machi

Nimemkuta mjusi. Alipakwa rangi akiwa mzima, nadhani, kwa sababu mguu mmoja umeinuliwa kama anayetaka kuondoka. Ana rangi tano juu yake. Akina mama watano walimwona kama bonge ukutani, na wote watano wakapitisha brashi. Hii ndiyo dunia.

Jumanne, 2 Aprili

Jongoo, konokono wasio na nyumba, nywele za brashi. Sili mchana.

Jumanne, 9 Aprili

Mama kaja na rangi yake.

Alikuja na Dada na mchumba wake, Shemeji muuza magodoro, kijana mpole anayeitikia kila kitu, hata kisichoulizwa. Mama ni mshonaji, anajua rangi kama daktari anavyojua damu, kwa hiyo sijui ni shetani gani alimwongoza. Alifungua kopo nikaona waridi iliyofifia, rangi ya ufizi. Shemeji akasema ni nzuri. Dada alitazama chini.

Nikamweleza Mama vizuri tu, nilidhani. Nikamwambia ukuta unaumwa, unatakiwa ubaki uchi mpaka unyevu utoke, kisha tuondoe chokaa iliyooza kwenye viungo vya mawe, tutie mpya. Baada ya mwaka mzima ndipo tutauvisha chokaa nyeupe nyepesi. Rangi ya mafuta haitapakwa tena. Nikaongeza, kwa sababu mdomo wangu hauna breki, kwamba hata ungekuwa mzima, ufizi ule ungeuua.

Mama alifunika kopo taratibu. Akaniuliza kama binti wa mwalimu mkuu alipopakiwa ile ya dhahabu nilikuwepo kumkataza. Nikasema sikuwepo. Akauliza kama mke wa seremala nilimkataza. Nikasema nilikuwa sijazaliwa.

"Basi ya wote imekaa, ikaonekana. Yangu ndiyo itaangusha kanisa."

Nilimwona mtu wa kujionyesha, na nimeona aibu kuwa mwanawe. Mtu anataka kuhatarisha vichwa vya waalikwa ili mke wa seremala aone ufizi. Nimelala bila kumuaga.

Jumanne, 16 Aprili

Kwenye kona ya ukuta, Shangazi alikata kipande cha rangi kama mkate unavyokatwa, ili tuone ni unene gani umebaki. Kikatoka kizima, michirizi yote inaonekana pembeni. Nikaanza kujigamba kwamba naweza kuzisoma: hii dhahabu ni ya binti wa mwalimu mkuu, hii samawati mke wa seremala, hii zambarau ni ya yule aliyekimbia na kondakta baada ya kwaresima. Kisha nikamwambia Shangazi anionyeshe ya Mama.

Akasema haipo.

Nikasema labda ni ile nyembamba. Akasema haipo, na niache kuchokonoa. Nami nikachokonoa. Mwishowe aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta patasi kwa muda mrefu kuliko patasi inavyohitaji, akanieleza. Mama alipochumbiwa na Baba tayari alikuwa na Dada tumboni. Padri wa wakati ule hakutaka apite mlango mkubwa. Aliwafungisha ndoa sakristia, kile chumba cha mavazi ya padri, mlango umefungwa, na bibi mzaa mama yetu hakuja. Hakuna aliyepaka chochote. Jumamosi iliyofuata akaolewa mwingine, ukuta ukapakwa njano, na Mama alikuja kwenye harusi hiyo akakaa benchi la nyuma akiwa ameshika tumbo.

"Wanawake wote wa mtaa huu wana rangi humu," Shangazi alisema. "Mama yako peke yake ndiye hana. Sasa unamwita mtu wa kujionyesha. Endelea."

Sikuwa nimemwita hivyo mbele yake. Shangazi husoma mtu usoni kama mimi ninavyosoma rangi.

Nimekwangua mpaka jioni. Kinyaa kimehama. Kilikuwa kwenye uteute, kwenye jongoo, kwenye Mama. Leo kimemhamia yule padri wa zamani, ambaye picha yake imetundikwa hapo juu ya mlango wa sakristia, amevaa tabasamu. Nimetia vumbi la ukungu kwenye fremu yake. Ni kidogo, lakini ndicho nilichokuwa nacho mkononi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilijaribu kuzungumza na Mama wakati anatia uzi kwenye sindano. Nilisema najua. Akasema anayejua anyamaze.

Jumatatu, 29 Aprili

Ukuta uko uchi wote, toka sakafuni mpaka kwenye tao. Mawe yanatokwa na chumvi nyeupe kama jasho lililokauka kwenye fulana. Harufu imepungua: kutoka maiti hadi soksi. Shangazi amepima kitambi kwa uzi na timazi, hakijasogea. Padri ameruhusu harusi kwa sharti moja, brashi isiuguse ukuta. Alilitangaza mbele ya waumini wote. Mama alikuwa benchi la tatu, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Ile amina haikunipendeza.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika na mikono yangu bado ina rangi ya ufizi, hata sabuni ya unga haijaitoa.

Asubuhi na mapema mimi na Shangazi tulikwenda kufagia. Mtunza kanisa, tunayemwita Ufunguo kwa sababu anatembea na funguo nyingi kuliko milango iliyopo, alikuwa kakaa kwenye ngazi na suti mpya. Mama ndiye anayeshona suti hapa mtaani. Nilipoiona tu ile suti nilijua mlango umeuzwa kwa bei gani. Hakutuangalia. Akasema alfajiri alipitiwa na usingizi, hajui nani aliingia.

Ukuta ulikuwa umepakwa. Waridi, unang'aa, mbichi. Ni Mama na mashoga zake wawili, bila ngazi ndefu, kwa hiyo rangi ilifika pale mkono wa mwanamke mfupi unapofika, na juu yake mawe matupu. Ukuta ulionekana kama mtu aliyevaa sketi bila blauzi.

Nilitaka kukwangua hapo hapo. Shangazi akanishika mkono. Alisema rangi ya siku moja haiangushi ukuta, lakini bibi harusi akikuta kaka yake na patasi siku ya harusi yake, hilo litaanguka na halitajengeka. Akasema pia, na sauti yake haikuwa na hasira, kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Mvua ikaanza waalikwa walipokuwa wanaingia, na Padri, aliyeukuta ukuta wakati huo huo, akaona afungishe kwanza agombe baadaye. Watu wamelowa, madirisha yamefungwa, joto la miili limejaa. Jiwe likaanza kutoa maji yake kama linavyotoa kila siku, ila leo lilikuta nailoni. Kwanza yalitokea malengelenge madogo kama ya mtu aliyeungua. Yakakua. Moja karibu na kwaya lilifika ukubwa wa kitunguu, likapasuka kwenye wimbo wa kuingilia, na maji ya kijivu yakamshukia mwimba sauti ya nne. Aliendelea kuimba, ila sauti ilipanda mpaka ya pili. Ile harufu ya chombo cha maua ikarudi. Wanawake wakavuta leso. Waliokaa pembeni waliegemea, walipoinuka migongo yao yote ilikuwa ufizi, na mke wa seremala, aliyekuja na gauni jeupe ambalo hakupaswa kuja nalo, aligeuka kujitazama nyuma akazunguka mara mbili kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Mimi nilikuwa nacheka. Nakiri nilikuwa nacheka, kicheko cha kinyaa, nikisema moyoni si nilisema, si niliwaambia. Nikamtafuta Mama ili aone kwamba nacheka.

Hakuwa benchi la mbele. Dada na Shemeji walikuwa wamesimama mbele ya Padri, wanaulizwa kama wanakubali, na Shemeji alishakubali kabla swali halijaisha. Mama alikuwa ukutani. Lengelenge kubwa lilikuwa limevimba nyuma ya bega la Dada, pale hasa ambapo picha ingepigwa, naye alikuwa amesimama amelikandamiza kwa kiganja. Hakukiondoa. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mkono, yanaingia kwenye mkono wa gauni alilolishona miezi mitatu, yanatokea kiwikoni, yanadondoka kwenye kiatu. Uso wake ulikuwa unatazama mbele, unatabasamu, kama mtu aliyeziba mdomo wa mtoto ili asilie kanisani.

Kicheko kilinikauka. Nikapita katikati ya mabenchi, watu wakafikiri nakwenda kufanya fujo, na mjomba mmoja akanishika koti. Nikamponyoka. Nikasimama karibu na Mama, nikaweka kiganja changu kwenye lengelenge la pili, lililokuwa linaota juu ya lake.

Hakunitazama. Alisema kwa kona ya mdomo, "Bonyeza taratibu. Usilipasue."

Tukasimama hivyo mpaka pete zikavishwa. Ndani ya kiganja changu nilisikia ukuta unasukuma, laini, vuguvugu, wa kuchukiza kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa. Sijawahi kukandamiza kitu kwa bidii namna ile.

Kwenye picha tumetoka wote wanne, na mikono yetu miwili iko ukutani. Mpiga picha alidhani ni mkao.

Jumapili, 12 Mei

Rangi imeanguka yote usiku, yenyewe, imelala sakafuni kama ngozi ya nyoka. Kwenye ibada watu walikanyaga kando kando.

Jumatatu, 13 Mei

Shangazi na mimi tumeanza kutia chokaa mpya kwenye viungo. Tulianzia chini, karibu na mlango wa pembeni, kwenye mawe ya yule mvivu wa ndoana ambaye hata kufa hakujamwachisha kunipa kazi.

Mama alikuja kabla ya adhuhuri. Nilidhani amekuja kugomba, nikaandaa majibu matatu, yote mazuri. Hakugomba. Alizoa ile ngozi ya waridi kwa fagio akaitupa mwenyewe kwenye lile shimo la jalala, akarudi, akasimama nyuma yangu anatazama. Akauliza kwa nini chokaa inanuka mayai. Shangazi akamwambia hiyo ni nafuu, angekuja Machi. Akauliza tunaisukuma mpaka wapi. Nikamwonyesha: ndani kabisa, mpaka isikie giza, ndipo unaifungia juu kwa mwiko mwembamba.

"Kwa hiyo haionekani," alisema.

"Haionekani, wifi," Shangazi alijibu. "Lakini ukiitoa, jiwe la juu linakaa juu ya hewa."

Mama alivua saa yake akaiweka mfukoni. Akanipokonya mwiko. Anashona mishono iliyonyooka kuliko sheria, ila chokaa si kitambaa. Ilimkimbia, ikamjaa kwenye kucha, ikamtapakaa mpaka kwenye kidevu, na alitoa miguno ya kinyaa ambayo nilidhani ni yangu peke yangu katika ukoo huu. Alijaza kiungo kimoja, kati ya jiwe la ndoana na jiwe la kitana, urefu wa mkono wake. Kisha akanawa kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa, akavaa saa, akaenda dukani kwake. Hakuaga.

Kiungo chenyewe kimepinda. Kimeanza juu, kikazama katikati, kikapanda tena kama mdomo wa mtu aliyelamba shubiri. Fundi yeyote akikiona atajua hakikufanywa na fundi. Shangazi alikitazama wakati tunakusanya vifaa, akaniambia nikichimbue nikitie upya kabla hakijashika, maana kesho kitakuwa jiwe.

Nikamwambia mwiko umepotea. Nilikuwa nimeushika mkononi.

Aliutazama mwiko, akanitazama mimi, akachukua ndoo yake akatangulia kutoka.

Usiku huu chokaa itakuwa inashika.